Shauri la haki, mlango usio wake: sheria za madai kwa mkazi wa Dar

Neno "madai" linapotosha. Mwambie mtu wa Manzese kwamba shauri lake ni la madai, atakujibu kwamba yeye hamdai mtu hela, anachotaka ni mpaka wa kiwanja chake urudi ulipokuwa. Kumbe hilo nalo ni dai. Mgogoro wowote ambao mwisho wake si mtu kwenda jela bali mtu kulipa, kurudisha, kuacha anachofanya, kugawana au kutambuliwa haki yake, huo ni wa madai. Humo mna mkopo, kiwanja, talaka, mirathi, ajali, kashfa na kuachishwa kazi.

Jinai inafunguliwa na Jamhuri, na inatakiwa ithibitishwe bila kuacha shaka ya maana. Madai unayafungua mwenyewe, kwa gharama zako, na unachotakiwa ni kuonyesha kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako. Tukio moja laweza kuzaa yote mawili. Bodaboda aliyekugonga pale Ubungo atashtakiwa kwa makosa ya barabarani, na wewe utamfungulia shauri lako la fidia pembeni. Faini atakayotozwa inakwenda serikalini, haikutibu mguu.

Deni la kawaida, kwa upande wake, halina jinai. Aliyekopa kwa nia njema akashindwa kulipa hajatenda kosa la kumweka rumande, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanya madeni. Wapo waliolipwa kwa njia hiyo, sikatai. Wapo pia waliogeuziwa kibao na kudaiwa fidia kwa kumweka mtu ndani isivyo halali.

Nitakayoyasema yanahusu Tanzania Bara, maana Zanzibar ina sheria na mahakama zake. Na kwa maoni yangu, wengi wanaoshindwa mashauri ya madai hapa mjini hawashindwi kwa kukosa haki. Wanashindwa kwa sababu shauri la kweli lilipelekwa kwenye mlango usio wake, au walifika mlango umeshafungwa. Kwa hiyo kila eneo nitalitazama kwa macho hayo mawili: mlango ni upi, na saa inasomaje.

Saa kwanza

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, ndiyo inayoua mashauri mengi kuliko hoja yoyote ya wakili. Shauri la mkataba lina miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa. Shauri la madhara, kama ajali au kashfa, lina miaka 3. Kudai ardhi ni miaka 12. Shauri lililopita muda mahakama inalitupa hata kama mdaiwa hakulalamika kuhusu muda. Hakimu hana huruma ya kutumia hapo, sheria imemfunga mikono.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mazungumzo yanasimamisha saa. "Tulikuwa tunaongea kifamilia," mtu anasema, "alikuwa ananiahidi kila mwezi." Mahakama ya Rufani imeshaweka wazi kwamba mazungumzo hayasimamishi ukomo. Kinachoanzisha hesabu upya kwenye deni ni mdaiwa kulipa sehemu yake, au kulikiri kwa maandishi yenye saini yake, kabla muda haujaisha. Kwa hiyo ukiona mwaka wa tano unakatika na mtu bado anakupiga chenga, usimwombe ahadi nyingine ya mdomo. Mwombe asaini karatasi ya mistari mitatu: nakiri nadaiwa kiasi fulani, na fulani, kutokana na mkopo wa tarehe fulani. Akisaini, una miaka 6 mingine. Akikataa, umeshapata jibu lako, nenda ukafungue.

Mkataba, na deni la mali kauli

Sheria ya Mkataba, Sura ya 345, asili yake ni sheria ya India ya mwaka 1872. Ndiyo maana usishangae wakili wako akinukuu hukumu ya Bombay mbele ya hakimu wa Kinondoni. Sheria inataka mambo machache: wahusika wawe na umri wa miaka 18 au zaidi na akili timamu, waridhiane kwa hiari, kila mmoja atoe kitu, na jambo lenyewe liwe halali. Haisemi lazima iwe karatasi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayempa mwenzake mzigo wa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe, ana mkataba kamili. Tatizo lake litakuwa ushahidi tu. Ardhi ndiyo tofauti: mauzo ya ardhi lazima yawe kwa maandishi.

Tuchukue deni la shilingi 4,000,000, tulitazame kwa karibu. Hati inayosimama mahakamani haihitaji Kiswahili kizito. Inataka majina matatu ya kila mmoja kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, pamoja na namba yake. Inataka kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sababu sifuri moja ni rahisi kuongezwa. Inataka tarehe ya kutoa fedha na njia iliyotumika: kama ni simu, namba ya muamala, kama ni taslimu, mbele ya nani. Na inataka tarehe moja ya kulipa. "Atalipa akipata" si tarehe, na itakupa ugomvi mzima wa kujua mkataba ulivunjwa lini. Saini au dole gumba liwekwe kila ukurasa, na mashahidi waandike namba zao za simu. Shahidi usiyejua alipohamia hana faida.

Watu wanapenda kuongeza: "akichelewa atalipa nusu juu." Andika ukitaka, lakini usiihesabu kama hela yako. Kiasi cha adhabu kilichotajwa kwenye mkataba mahakama inakichukua kama kikomo tu. Inakupa fidia inayolingana na hali, isiyozidi hapo. Na kama kukopesha kwa riba ndiyo biashara yako huku huna leseni, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inakuhusu wewe kabla haijamhusu mdaiwa wako.

Meseji na WhatsApp? Zinapokelewa, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu. Lakini picha ya skrini peke yake ni dhaifu, kwa sababu mwenzako atasema umeitengeneza. Usifute mazungumzo, usibadilishe simu bila kuyahifadhi, na uwe tayari kueleza kwa kiapo simu ni ya nani, ilikaa kwa nani na karatasi hiyo ilichapwaje. Kumbukumbu za miamala ziombwe kwa mtandao husika au benki zikiwa na mhuri.

Kuna kikwazo kimoja ambacho wengi wanakutana nacho siku ya kutoa ushahidi: ushuru wa stempu. Hati inayotakiwa kulipiwa ushuru huo na haikulipiwa haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini. Sheria inataka ulipwe ndani ya siku 30 tangu hati iliposainiwa. Usisubiri pingamizi la wakili wa upande wa pili ndipo uanze kukimbilia ofisi ya kodi.

Mlango: deni lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo. Kuanzia hapo mpaka milioni 200 ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kama Kisutu. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Sheria inataka uanzie chini kabisa penye uwezo wa kusikiliza, na mambo mengi ya mitaani yanatosha Mahakama ya Mwanzo. Sioni sababu ya kuikimbia: ada ni ndogo, taratibu ni nyepesi na lugha ni yako. (Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zote kwa sheria, lakini huko chini kilikuwepo siku zote.)

Kwenye mahakama za juu yake unaanza na hati ya madai. Iseme wewe ni nani, mdaiwa ni nani na anapatikana wapi, kilitokea nini na lini, kwa nini mahakama hiyo ina uwezo, na unaomba nini. Siku hizi inasajiliwa kwa njia ya mtandao, mfumo unakupa namba ya malipo, na shauri linapata namba baada ya kulipa. Mdaiwa ana siku 21 za kujibu kwa maandishi tangu apokee wito. Asipojibu unaweza kuomba usikilizwe upande mmoja, lakini lazima uthibitishe kwamba wito ulimfika. Hapa ndipo anuani ya "Mbagala, Dar es Salaam" inapokugharimu. Mpelekaji wito atazunguka Rangi Tatu nzima na kurudi mikono mitupu.

Ardhi

Ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini. Wewe unamiliki haki ya kuitumia kwa muda: hati ya miaka 33, 66 au 99, au haki ya kimila vijijini. Sheria mbili za mwaka 1999 ndizo zinazotawala: Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Mkazi wa Dar anadhani hii ya pili haimhusu, mpaka anaponunua ekari mbili Mkuranga au Kisarawe. Sehemu kubwa ya huko ni ardhi ya kijiji, na mauzo yake yanataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Mhuri wa mtendaji peke yake haumaanishi halmashauri ilikaa. Omba muhtasari wa kikao. Mahakama ya Rufani imeshabatilisha mauzo yaliyokosa idhini hiyo, na mnunuzi akabaki kumtafuta muuzaji aliyekwisha kula hela.

Kiwanja kilichopimwa kina njia fupi: chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Fanya upekuzi kabla ya kulipa, na kama wiki kadhaa zimepita, urudie siku chache kabla ya kusaini. Watu wanafanya upekuzi mwezi wa kwanza, wanalipa mwezi wa tano, na katikati hapo benki imeshaingia.

Kiwanja kisichopimwa, na hivyo ndivyo vingi huku kwetu, hakina rejista ya kukuokoa. Unategemea mnyororo. Muuzaji alikipata kwa nani, na karatasi yake iko wapi? Kama ni urithi, yeye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au ni mtoto mmoja kati ya saba? Ana mke au mume? Nyumba ya familia haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, na saini ya "shemeji" aliyeletwa siku hiyo si ridhaa. Linganisha kitambulisho na cheti cha ndoa.

Halafu hati yenyewe ya mauzo. Ukiisoma nyingi zinazoandikwa mitaani utakuta: "nimemuuzia kiwanja changu kilichopo Chanika chenye ukubwa wa hatua 20 kwa 20." Hatua za nani? Weka mita. Taja aliyepakana nawe kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kwa majina, na kila mmoja asaini kwamba mpaka anaujua. Chora ramani ndogo hata kwa mkono. Hii si urembo. Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka hati ya madai iieleze ardhi kiasi cha kuitambua, na mashauri yameporomoka baada ya miaka kwa sababu hakuna aliyeweza kusema ni kipande kipi hasa kinachogombewa. Kama kipande hakielezeki, hukumu nayo haitekelezeki.

Na ile asilimia 10 ya mwenyekiti wa mtaa? Haina mguu wa kisheria. Ushahidi wa ofisi ya mtaa ni wa maana, maana mtendaji na mjumbe ndio watakaoulizwa kesho na keshokutwa, lakini ushahidi si bidhaa ya asilimia.

Mlango wa ardhi ni mwingine kabisa. Mahakama ya Mwanzo na ya Wilaya hazina uwezo wa kusikiliza mgogoro wa ardhi. Unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 halitoi tena uamuzi, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti cha kushindwa kusuluhisha, na kwa cheti hicho unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaruhusiwa kwenda bila cheti. Baraza la Wilaya lina uwezo wa mpaka shilingi milioni 300 kwa kurudishiwa ardhi. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya ni ndani ya siku 45. Anayeshika bado karatasi ya "hukumu" ya Baraza la Kata ya baada ya mabadiliko hayo ameshika karatasi tu.

Mirathi

Kwa mashauri ya familia na mirathi, Dar es Salaam ina Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki pale Temeke, kilichoanza mwaka 2021, ambapo ngazi za mahakama kuanzia ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu ziko jengo moja. Marehemu aliyekuwa akiishi kwa mila au kwa dini ya Kiislamu, mirathi yake inaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kama alikuwa Mkristo aliyeacha maisha ya mila, kwa kawaida ni Mahakama ya Wilaya au Kuu, kutegemea ukubwa wa mali.

Utaratibu wa Mahakama ya Mwanzo unakwenda kwa fomu. Unapata cheti cha kifo kutoka RITA. Familia inakaa na kupendekeza msimamizi. Muhtasari wa kikao hautajwi na sheria kuwa sharti, lakini njoo nao, unapunguza maswali. Unajaza Fomu Namba 1 kuomba, mahakama inatoa tangazo, na mwenye pingamizi anakuja. Bila pingamizi unateuliwa kwa Fomu Namba 4. Hapo ndipo wengi wanapoona kazi imekwisha, wakati ndiyo kwanza imeanza. Ndani ya miezi 4 msimamizi anatakiwa arudishe Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni ya marehemu, na akishagawa anarudisha Fomu Namba 6, hesabu ya nani alipata nini.

Msimamizi si mmiliki. Nalisema kwa sababu ndilo chimbuko la nusu ya ugomvi. Kaka mkubwa anateuliwa, anahamishia nyumba ya Magomeni jina lake "kama msimamizi wa mirathi", jambo ambalo ni halali, kisha anakaa miaka 9 akipokea kodi za wapangaji. Warithi wanasubiri agawe. Wanachotakiwa kufanya si kufungua shauri la ardhi kwenye Baraza, bali kurudi kwenye jalada lilelile la mirathi na kuomba aitwe atoe hesabu, au uteuzi wake ufutwe. Jalada halijafungwa mpaka Fomu Namba 6 ipokelewe.

Nani anapata nini inategemea sheria inayotumika. Kwa Waislamu mke anapata 1/8 kama marehemu ameacha watoto, 1/4 kama hakuacha, na mtoto wa kike nusu ya fungu la wa kiume. Wosia hauzidi 1/3 ya mali. Sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 inawabana wanawake zaidi ya hapo, na binafsi naona imekawia kuondolewa. Wosia ndiyo kinga ya bei rahisi. Unaweza kuuandika na kuuhifadhi RITA. Usiuweke chini ya godoro ambalo mrithi asiyetajwa ndiye atakayeligeuza wa kwanza.

Ndoa na kuachana

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, haikubali talaka ya kortini mpaka ndoa iwe imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kwa kawaida haikusikilizi kabla hujapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, kama limesajiliwa, linatoa Fomu Namba 3 kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Shauri lisilo na fomu hiyo linaondolewa, hata kama mmefika Mahakama ya Rufani ndipo kasoro ikaonekana. Ikague: ina mhuri, tarehe na majina sahihi, na inasema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana?

Mlioishi pamoja miaka 2 au zaidi mkitambulika kama mume na mke, sheria inawadhania mmeoana. Ni dhana tu, inaweza kupingwa, kwa mfano kama mmoja alikuwa na ndoa ya mke mmoja isiyovunjwa. Lakini inatosha kumfanya mama adai mgawanyo wa mali na matunzo.

Kuhusu mali, hukumu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983 ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Haikusema nusu kwa nusu. Kiasi kinategemea ushahidi wa mchango, kwa hiyo risiti za saruji, mkopo wa kikundi ulioingia kwenye msingi, na fundi aliyelipwa na wewe vina uzito kuliko machozi. Na mgawanyo unafuata talaka au amri ya kutengana. Ukiuomba peke yake huku ndoa ikiwa hai, utarudishwa.

Madhara: ajali, uzembe, kashfa

Eneo hili halina kitabu kimoja cha sheria. Kwa sehemu kubwa tunatumia sheria ya mahakama za Uingereza iliyopokelewa Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920, pamoja na hukumu zetu wenyewe. Kwenye uzembe unaonyesha mambo matatu: alikuwa na wajibu wa kukuangalia, aliukiuka, na ukiukaji huo ndio uliokuumiza.

Ajali inataka karatasi za siku ileile: namba ya gari, picha ya stika ya bima, PF3, ripoti ya ukaguzi wa gari na ramani ya trafiki. Ijulishe kampuni ya bima mapema kwa maandishi, kwa sababu bima ya mtu wa tatu ni ya lazima na ndiko fedha iliko. Dereva mwenyewe huenda ana helmeti tu.

Hasara zako zinagawanyika. Hasara halisi, kama dawa, nauli, matengenezo na mishahara uliyokosa, lazima zitajwe moja moja na kila moja ithibitishwe kwa risiti. Fidia ya jumla ya maumivu inakadiriwa na hakimu. Hapa kuna ujanja wa vishoka usiofanya kazi: wanaandika fidia ya jumla ya milioni 500 ili shauri liende Mahakama Kuu. Uwezo wa mahakama unapimwa kwa hasara halisi, si kwa hiyo ndoto. Kama risiti zako zinafika milioni 6, mahakama yako inajulikana, na shauri la milioni 500 litaondolewa huku miaka 3 ikizidi kuyoyoma.

Kazi, na serikali

Mgogoro wa kazi hauanzii mahakamani. Unajaza fomu ya CMA F.1 kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: siku 30 tangu kuachishwa kazi isivyo haki, siku 60 kwa madai mengine kama mshahara. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana kinga ya kuachishwa isivyo haki. Barua ya kumlilia meneja akurudishe haisimamishi siku hizo.

Ukiidai serikali, halmashauri au shirika la umma, unatoa kwanza notisi ya siku 90, kisha unamwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mlango ni Mahakama Kuu. Mtu mwenye mgogoro wa barabara na manispaa yake akienda Baraza la Ardhi, atapoteza mwaka. Anza kuhesabu siku 90 mapema ili zisikutane na ukomo.

Hukumu si hela

Umeshinda. Mahakama imekupa tuzo, na riba juu yake tangu siku ya hukumu kwa kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka, isiyozidi 12. Mdaiwa hajalipa. Sasa unaomba kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, na una miaka 12 ya kufanya hivyo, ila mali ya mtu haikusubiri. Wewe ndiye wa kuiambia mahakama ikamate nini: fedha kwenye akaunti ya benki fulani, gari la namba fulani, kodi anayopokea kwa wapangaji. Dalali wa mahakama hapelelezi, anatekeleza ulichotaja, na gharama zake zinaanza kuhesabiwa siku anayotoka.

Unaweza pia kuomba mdaiwa awekwe kifungo cha madai, kisichozidi miezi 6. Mahakama itataka kwanza kujua kama ana uwezo akakaidi, au hana kitu. Na posho ya chakula chake gerezani unailipa wewe. Ukiacha kulipa, anatoka.

Vipo visivyoguswa. Dalali hachukui nguo za lazima, kitanda, vyombo vya kupikia wala zana za fundi za kumpatia riziki. Hachukui pia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake. Anayekopesha milioni 20 akijipa moyo kwamba "ana nyumba Tabata, hawezi kunikimbia" aliangalie hilo kabla ya kutoa fedha: kama nyumba hiyo haikuwekwa rehani kwa utaratibu, kwa ridhaa ya mwenzi na kusajiliwa, dalali atafika getini, atahesabu masufuria, na ataondoka na televisheni.